Sura ya Sita: Utepe Mweupe Juu ya Maji

Kuna samaki aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Ni furu mdogo wa miambani. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano uliopigwa mistari myeusi, na wanasayansi humwita Pundamilia nyererei. Waliomwandika rasmi, mwaka 1985, ni Els Witte-Maas na Frans Witte, Waholanzi waliokuwa wakichunguza samaki wa Ghuba ya Mwanza. Mwalimu alizaliwa Butiama, mkoani Mara, lakini samaki wake utamwona kwa urahisi zaidi sebuleni kwa mtu huko Ujerumani kuliko kwenye nyumba yoyote ya Tarime au Mugumu.

Namtanguliza kwa sababu ndiye aliyetufundisha nini hutokea samaki anaposhindwa kuona vizuri. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu furu wa Ziwa Victoria. Ndani ya matangi ya kioo, chini ya taa nyeupe, majike walichagua madume wa aina yao kwa kutazama rangi. Ilipowashwa taa ya chungwa tupu, iliyozifanya rangi zote zifanane, uchaguzi ule ukapotea. Ziwani kwenyewe, palipokuwa na maji yaliyochafuliwa na rutuba itokayo mashambani na mijini, furu walikuwa wamefifia rangi na aina zao zimepungua. Kwa hiyo chokaa iliyotanda kwenye kifuniko cha akwariamu, na ukungu wa kijani kwenye kuta zake, si aibu ya mwenye nyumba peke yake. Mwanga wa samaki nao unaibiwa.

Akwariamu si nyingi wilaya za Tarime na Serengeti, ila zipo, na karibu zote zimekaa mahali pa kutazamwa: mapokezi ya hoteli ya Mugumu inayosubiri watalii wa lango la Ikoma, chumba cha kusubiria cha zahanati binafsi, sebule ya mfanyakazi wa mgodi wa Nyamongo, duka la simu karibu na mpaka wa Sirari. Nyingi zimeundwa na mafundi vioo walewale wanaotengeneza madirisha ya aluminiamu. Na nyingi, zikishatimiza mwaka, huwa na utepe mweupe wenye upana wa vidole viwili, pale maji yanapoishia. Mwenye tangi huusugua kwa dodoki, utepe hautikisiki. Huusugua kwa sabuni, hautikisiki, na samaki wanakufa.

Utepe huo umetoka ardhini. Maji ya mvua yakizama udongoni hubeba gesi ya ukaa, yanakuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo huyeyusha kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye mawe. Maji yakitoka kisimani, gesi ile huponyoka, na kilichokuwa kimeyeyuka hurudi kuwa jiwe. Ndani ya akwariamu jambo hili hutokea zaidi pale juu, kwa kuwa maji hupanda na kushuka ukutani na kukauka, yakiacha kila mara tabaka jembamba la chokaa lisiloonekana. Baada ya miezi kadhaa matabaka hayo yanakuwa gamba. Ukitaka kujua tangi lako litapata gamba nene au jembamba, usihangaike kutafuta maabara: funua birika la chai na utazame chini. Birika lenye ukoko mweupe na akwariamu yenye utepe mweupe vinakunywa maji yaleyale.

Maji ya Ziwa Victoria yana chokaa kidogo mno. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake, haijapita kwenye mwamba wowote. Linganisha na Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana chumvichumvi nyingi mara kadhaa. Ndiyo maana mfugaji wa Musoma anayechota ziwani anaweza kukaa muda mrefu asiuone utepe, wakati ndugu yake wa Tarime anayetumia kisima anakwangua kila baada ya miezi michache. Hawatofautiani kwa usafi, bali kwa maji.

Sasa tuje kwenye mkono wa mtu. Kwetu chombo hung'arishwa kwa majivu na mchanga. Nenda kijiji chochote, kuanzia Nyamwaga hadi Natta, utakuta masufuria yameanikwa kichanjani yakimeta kuliko siku yaliponunuliwa. Ni ujuzi halali, na kwa aluminiamu iliyoshika masizi sina neno la kuupinga. Tatizo ni kwamba ujuzi huo umezaa imani kwamba doa likiwa gumu, dawa yake ni nguvu. "Mura, sugua!" mzee humwambia kijana wa usafi, na kijana, kwa heshima, anachukua waya wa kusugulia masufuria na kuuingiza kwenye akwariamu.

Wataalamu wa madini wana kipimo cha ugumu kinachoitwa Mohs, cha kuanzia 1 hadi 10: chenye namba kubwa hukichora chenye namba ndogo. Chokaa ya kwenye kioo ina ugumu wa 3. Kioo cha dirishani kina kama 5.5. Mchanga wa mtoni, ambao kwa sehemu kubwa ni kwatzi, una 7. Maana yake mchanga utaiondoa chokaa, naam, na utakichora kioo pia, na michoro hiyo haitoki tena. Mbaya zaidi, kila mchoro ni mfereji ambamo mwani na chokaa mpya vitashika mizizi, kwa hiyo tangi lililosuguliwa kwa mchanga huchafuka haraka kuliko lilivyokuwa likichafuka mwanzo. Majivu nayo, mbali na chembe zake za kukwaruza, yana asili ya magadi. Magadi hayaiyeyushi chokaa hata ukiyaloweka wiki nzima.

Kinachoiyeyusha ni uchachu. Siki nyeupe ya dukani, yenye asidi asetiki kama asilimia 5, inatosha kwa matangi mengi. Ndimu inafaa vilevile, ila maji yake yana sukari na nyama ya tunda, hivyo kioo kitanata usiposuuza. Unga wa ndimu, ule wanaoutumia wapishi wa pilipili na achari, ndio ninaoupenda mimi: kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi ya maji vuguvugu, hauna harufu kali, na nguvu yake unaipima mwenyewe.

Lakini kumwagia siki ukutani hakusaidii, kwa sababu ukuta umesimama na siki inashuka. Asidi dhaifu inahitaji muda, na muda haupatikani kwa kioevu kinachotiririka. Punguza maji hadi chini kabisa ya utepe. Kama ni tangi dogo, wahamishe samaki kwenye ndoo ambayo haijawahi kutiwa sabuni, pamoja na maji yao wenyewe. Chukua karatasi laini ya chooni au kitambaa cha pamba, kiloweshe siki, kikamue kidogo kisichuruzike, kisha kibandike juu ya utepe kama plasta. Funika kwa nailoni ili kisikauke. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, najua, karatasi ya nailoni iliyofungia mkate au shati inatosha.) Ondoka. Rudi baada ya nusu saa kwa utepe mchanga, au baada ya saa tatu kwa gamba la miaka. Ukibandua mapema ukasikia mchemko mdogo na kuona vipovu, hiyo ni gesi ya ukaa inatoka kwenye chokaa, gesi ileile iliyopotea maji yalipotoka kisimani. Vipovu vikikoma na gamba bado lipo, siki imeisha nguvu, weka nyingine.

Hapo ndipo kukwangua kunaporuhusiwa. Anza na kadi ya plastiki, ile ya benki iliyokwisha muda. Ikishindwa, wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa, wembe ukilala karibu na kioo badala ya kusimama, na mkono uende upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Chuma cha wembe na kioo ugumu wao unakaribiana, ndiyo maana wembe ulionyooka hupita bila kuchora. Ila chembe moja ya mchanga ikikwama chini yake, kinachochora ni ile chembe. Suuza wembe kila mara. Usiufikishe kwenye kona, kwa sababu konani kuna silikoni, na silikoni iliyokatwa hata kidogo itavuja siku ambayo hukutarajia. Kwa kona tumia mswaki wa zamani na siki. Na kabla ya yote, gonga ukuta wa tangi kwa ukucha: likilia kwa mlio mzito wa plastiki, hilo si kioo bali akriliki, na wembe usiusogeze kabisa.

Watu wengi huchanganya siki na baking poda au magadi, wakifurahia povu linalopanda. Povu lile ni ushahidi kwamba viwili hivyo vinauana. Ukimaliza unabaki na maji ya chumvi yasiyo na uchachu wala ukali, na umetupa siki yako bure. Kosa jingine ni la hatari. Wapo wanaotumia maji ya betri, kwa sababu yameshawahi kung'arisha sakafu ya choo mahali fulani. Maji ya betri ni asidi salfuriki. Ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, ambayo nayo ni nyeupe, nayo huganda, na karibu haiyeyuki majini. Umeunguza vidole vyako ili kubadilisha doa jeupe kwa doa jeupe lingine. Dawa za choo na jiki ziache chooni, na jiki isikutane na siki kamwe, maana kinachotoka hapo ni gesi ya klorini.

Tone la siki likidondokea samaki? Inategemea maji. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi hulimeza tone hilo bila kubadilika. Maji ya mvua au ya ziwa hayana kinga hiyo, na kijiko kimoja kinaweza kuyachachua ghafla katika tangi dogo. Yaani kadiri maji yako yanavyokuwa laini, ndivyo unavyopaswa kuwa mwangalifu zaidi na dawa ambayo, kwa bahati nzuri, utaihitaji mara chache zaidi.

Si kila doa ni chokaa. Tangi jipya, wiki za mwanzo, hupata ukungu wa kahawia kama vumbi la barabara ya Nyamongo. Watu hudhani ni uchafu wa mchanga ambao haukuoshwa vizuri. Ni viumbe hai, diatomu, mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika, yaani ganda ambalo kwa kemia yake ni ndugu wa kioo chenyewe. Siki haiwagusi. Hawahitaji wembe pia. Dodoki linawafuta, na silika ya ziada ikiisha majini huondoka wenyewe.

Silika hiyo inatoka wapi? Hapa mkoa wa Mara una kisa kinachostahili kujulikana zaidi. Nyasi hunyonya silika udongoni na kuijaza kwenye majani yake. Ndiyo inayokukata mkono ukiling'oa jani kwa pupa. Kiboko wa Mto Mara hupanda usiku kula nyasi, na mchana kutwa hukaa mtoni akinya. Mwaka 2019 Jonas Schoelynck wa Chuo Kikuu cha Antwerp na wenzake walichapisha hesabu yao, iliyofanyika upande wa Maasai Mara: kwa njia hiyo viboko huingiza mtoni takriban kilo 400 za silikoni kila siku (nasema elementi ya silikoni iliyomo ndani ya silika, siyo gundi ya mafundi vioo). Waliwaita pampu ya silikoni. Mto huo unaingia Tanzania, unapita kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, unatenganisha Tarime na Serengeti, unasambaa kwenye madimbwi na mafunjo, kisha unapita chini ya daraja la Kirumi hadi ziwani, ambako diatomu ni chakula cha viumbe wadogo wanaoliwa na samaki. Ukiwapunguza viboko, unaweza kupunguza diatomu. Mtu anayefuta ukungu wa kahawia kwenye akwariamu anafuta ukurasa mdogo wa habari hiyo hiyo, ingawa silika yake imetoka zaidi kwenye mchanga na maji ya bomba.

Madoa ya kijani yana asili nyingine. Yale ya duara, magumu, yaliyong'ang'ania kioo moja moja kama madoadoa ya chui, ni mwani uliozoea mwanga mwingi. Haya ndiyo yanayotaka wembe, na hapa hakuna njia ya mkato ya kemikali ambayo ningeithubutu tangi likiwa na samaki. Lakini kuyakwangua bila kuzuia chanzo ni kazi ya kila Jumamosi hadi kiama. Vyanzo ni viwili: jua na fosforasi. Jua ni rahisi. Hamisha tangi mbali na dirisha, zima taa usiku. Fosforasi inaingia na chakula. Mto Mara wenyewe unaonyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Amanda Subalusky na wenzake walikadiria mwaka 2017 kwamba nyumbu wapatao 6,250 hufa mtoni kila mwaka wakivuka, jumla ya tani 1,100 za mizoga. Nyama huisha kwa wiki chache. Mifupa huchukua miaka saba kuoza, ikitoa fosforasi taratibu na kulisha utando wa mwani unaoota juu yake, ambao nao huliwa na samaki. Chakula kilichobaki chini ya akwariamu kinafanya kazi ya mifupa ile. Mpe samaki kiasi anachomaliza kwa dakika mbili tatu, wala usimhurumie. Samaki wa mapokezi hufa kwa kushiba, kwa sababu kila mgeni anamrushia.

Na mwani uliokwanguliwa utolewe siku hiyo hiyo, kwa mpira wa kunyonya maji au kichujio cha chai. Ukiachwa uoze, bakteria wanaouozesha watatumia oksijeni ya samaki. Machi 2022, samaki walipoelea wamekufa kwenye Mto Mara, kamati iliyoundwa na serikali ilisema kwamba mkojo na kinyesi cha mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni. Wananchi wengi walicheka, na ubishi ule haukuwa mdogo. Sitauamua hapa. Lakini kwamba uozo humaliza oksijeni majini, hilo halina ubishi, na katika lita 60 za maji hutokea kwa usiku mmoja.

Konokono watakusaidia kula mwani, ndiyo, na kila mtu atakushauri uwachote bwawani. Usifanye hivyo. Ukanda wetu wa ziwa ni ukanda wa kichocho, na konokono fulani wa maji baridi ndio wanaokibeba. Hata maji ya ziwa au bwawa yaache kwenye pipa lisilo na konokono kwa siku mbili kamili kabla hujatia mkono, kwa kuwa vijidudu vya kichocho vinavyoogelea vikitafuta ngozi haviishi zaidi ya takriban saa 48.

Maji bora ya kuongezea yanatoka juu ya paa. Hapa ndipo wafugaji wengi wanapokosea: maji yakipungua kwa kukauka, wanaongeza maji ya kisima. Kinachokauka ni maji matupu, chokaa inabaki. Ukiongeza ya kisima unaongeza chokaa juu ya chokaa. Kilichopotea kama mvuke kirudishwe kama mvua. Tarime iko juu, na masika ya Machi hadi Mei hujaza mapipa bila shida. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kinga ya pili. Bati jipya linalong'aa liogope kidogo: zinki inayotoka humo huwadhuru samaki, hasa katika maji laini. Ukihitaji kubadilisha maji, na si kuongeza tu, basi maji ya kisima yana nafasi yake, kwa sababu samaki naye anahitaji madini. Mvua kwa kufidia, kisima kwa kubadilisha. Anayefuata utaratibu huo hupata utepe mwembamba ambao kitambaa chenye siki kinaufuta kwa dakika tano.

Inabaki hali ya tangi lililokwisha kusuguliwa kwa waya. Utalitambua hivi: lipake maji ukutani kwa nje na ndani. Ukungu ukitoweka kioo kikiwa kimelowa na kurudi kikikauka, hata baada ya kubandika siki, hiyo si chokaa tena, ni kioo chenyewe kimechimbika. Habari njema ni kwamba tangi lililojaa maji huficha mikwaruzo midogo ya ndani. Mbaya ni kwamba ile mikubwa itaonekana kila taa ikiwashwa. Kungojea dawa ya kuiondoa ni kupoteza fedha. Mwite fundi vioo abadilishe ukuta huo mmoja. Mwambie unene wa kioo kilichopo, asipunguze, na azikwangue kona zote hadi silikoni ya zamani iishe kabisa, kwa sababu mpya haishiki vizuri juu ya iliyokauka.

Silikoni yenyewe uichague wewe, usimwachie. Zile za bafuni na jikoni nyingi zimetiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Tafuta ile isiyo na dawa, ambayo ikiminywa hutoa harufu kali ya siki. Ni asidi asetiki inayotoka silikoni inapokauka. Acha tangi wazi, mahali penye hewa, kwa muda wa wiki moja. Nusa konani. Kama bado kuna harufu, ngoja. Ikiisha, jaza maji, weka karatasi kavu kuzunguka sakafu yote, na uliangalie tangi hadi kesho yake kabla samaki hajarudi.